Kabla ya Kung'oa Tyubu: Hesabu ya Magurudumu Kati ya Bugarama na Rumonge

Barabara ya taifa namba 3 inaufuata mwambao wa Ziwa Tanganyika kutoka Bujumbura, inapita Kabezi, Gitaza, Magara na Minago, inaingia Rumonge baada ya kilomita zaidi ya 70, kisha inashika njia ya Nyanza-Lac. Upande mmoja ni maji, upande wa pili ni milima. Anayeiacha lami na kuelekea mashariki hupanda kwa njia za udongo na mawe mpaka Bugarama. Ni Bugarama ya Rumonge, si ile ya Muramvya ambako barabara ya Gitega inaachana na ya Kayanza. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Mugamba zilizo nyuma ya milima hiyo zinavuka mita 2,000. Kwa siku moja tu, gurudumu lile lile linaweza kukanyaga lami ya moto, mchanga wa ufukweni, changarawe, tope na miiba ya makuti ya mchikichi.

Katika njia kama hiyo tairi ndilo linaloamua kama mtu atafika na baiskeli au atafika akiisukuma. Uhaba wa mafuta ulioisumbua Burundi miaka ya karibuni umewafanya wengi waitazame baiskeli kwa jicho jipya. Wapo wanaobeba ndizi, mkaa na madumu ya mawese kwa baiskeli nzito za chuma. Wapo wanaoendesha kwa mazoezi na mashindano, wakiwa na baiskeli nyepesi za mitumba zilizotoka Ulaya, zenye gia nyingi na breki za diski. Hao wa pili ndio wanaokutana na tairi la tyubulesi, yaani lisilo na mpira wa ndani, na kuambiwa kwamba pancha zimekwisha.

Hazijakwisha. Zimebadilika sura, na gharama yake imehamia mahali pengine. Ushauri wa makala haya ni kwamba bei ya tairi isisomwe dukani peke yake; isomwe pia kwa kuuliza nani atalitengeneza, wapi, na kwa kifaa gani, siku litakapoharibika katikati ya Minago na Magara.

Namna linavyofanya kazi

Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli mwaka 1888 huko Belfast, kazi ya kushika upepo imekuwa ya tyubu, na kazi ya tairi imekuwa kuilinda tyubu hiyo. Mwaka 1999 kampuni za Ufaransa, Mavic, Hutchinson na Michelin, ziliingiza sokoni mfumo wa baiskeli za milimani ambao tairi lenyewe linashika upepo. Kingo zake zinabana kwenye rimu kwa nguvu, matundu ya spoku yanafunikwa kwa utepe maalumu, valvu inafungwa moja kwa moja kwenye rimu, na ndani humiminwa dawa ya maji yenye utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, upepo unaotoka huisukuma dawa kwenye tundu, nayo huganda na kuziba.

Faida yake ni ya kweli. Tundu dogo la mwiba, au la uzi wa chuma uliotapakaa barabarani kutoka kwenye tairi la lori lililopasuka, huziba huku baiskeli inakwenda. Pancha ya kubanwa, ile inayoacha matundu mawili sambamba kwenye tyubu baada ya gurudumu kugonga jiwe, inatoweka kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa. Mwendeshaji anaweza pia kupunguza upepo bila woga. Tairi la upana wa milimita 40 linalohitaji psi 45 hadi 55 likiwa na tyubu linaweza kwenda vizuri kwa psi 30 hadi 40 bila tyubu, na kwenye changarawe tofauti hiyo inasikika mikononi na mgongoni.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Dawa huziba tundu la milimita chache tu. Jiwe kali likichana ubavu wa tairi, dawa yote itamwagika. Tena si kila rimu inafaa. Rimu za chuma za baiskeli za mizigo, zenye ukuta mmoja na matundu ya spoku yaliyo wazi, hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kuzilazimisha kwa mkanda wa gundi na dawa ni kumweka mwendeshaji hatarini, hasa akiteremka na mzigo.

Bei inayoonekana na isiyoonekana

Katika maduka ya Ulaya, tairi zuri la tyubulesi huuzwa kati ya dola 50 na 90. Matairi mawili ni dola 100 hadi 180. Ongeza jozi ya valvu kwa dola 15 hadi 30, utepe wa rimu kwa dola 10 hadi 20, na nusu lita ya dawa kwa dola 15 hadi 30. Jumla ni kati ya dola 140 na 260, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa Mrundi anayelipwa kwa faranga hesabu inauma zaidi, kwa sababu bei ya dola benki na bei yake mtaani zimeachana mno.

Hiyo ndiyo bei inayoonekana. Isiyoonekana inaanzia kwenye dawa. Utomvu huo hukauka. Katika nchi za baridi unaweza kukaa miezi sita, lakini kwenye joto la mwambao mtu mwangalifu ahesabu miezi mitatu. Tairi jembamba la barabarani linataka mililita 40 hadi 60, na la milimani mililita 100 hivi. Kwa baiskeli ya milimani, mililita 200 kila miezi mitatu ni mililita 800 kwa mwaka, yaani karibu chupa mbili za nusu lita. Anayenunua chupa moja akadhani amemaliza atagundua mwakani kwamba ndani ya tairi lake mna utando mkavu usioziba chochote.

Inafuata gharama ya pampu. Tairi la tyubulesi linahitaji upepo mwingi kwa mara moja ili kingo ziruke na kukaa mahali pake, na pampu ndogo ya mkononi mara nyingi haiwezi. Bahati nzuri, penye fundi wa matairi ya magari pana kompresa. Baiskeli nyingi nyepesi zina valvu nyembamba ya Presta, ambayo kichwa cha kompresa hakiishiki, hivyo inatakiwa kiunganishi kidogo cha shaba. Ni kitu cha bei ndogo, lakini asiyekuwa nacho ataondoka na tairi lile lile bila upepo. Fundi aombwe ajaze kidogo kidogo, kwa maana kompresa ya lori hulivusha tairi la baiskeli kiwango chake kwa sekunde chache.

Kiwango hicho kisipuuzwe. Rimu nyingi za kisasa hazina ndoana ya ndani inayoshika ukingo wa tairi, na rimu za namna hiyo hazitakiwi kuzidi psi 72.5, sawa na bar 5. Februari 2024, katika mashindano ya UAE Tour, Mbelgiji Thomas De Gendt alianguka baada ya tairi kuchomoka kwenye rimu isiyo na ndoana, na mjadala ukawaka kati ya waendeshaji, watengenezaji na wasimamizi wa mchezo. Ikiwa gurudumu la mtaalamu, lililofungwa na mafundi wa timu, linaweza kufika huko, anayenunua rimu ya mtumba asiyoijua historia yake ana kila sababu ya kusoma maandishi ya kiwango kabla ya kujaza.

Gharama ya mwisho ndiyo inayosahaulika kuliko zote: hata mwenye tyubulesi lazima abebe tyubu. Tairi likichanika njiani, atatoa valvu, atamwaga dawa iliyobaki, ataweka tyubu na kuendelea. Kabla ya hapo apapase ndani ya tairi lote kwa uangalifu. Tairi lililokwenda miezi mingi likijiziba huwa limeficha miiba kadhaa, na tyubu mpya itatoboka kabla ya kilomita ya kwanza.

Nani ahame, nani abaki

Anayebeba mizigo kwa baiskeli ya inchi 28 asihangaike na tyubulesi. Kwake fedha iende kwenye tairi lenye nyuzi imara, tyubu nene, na utepe mzuri wa kufunika vichwa vya spoku. Pancha nyingi zinazodhaniwa kuwa za miiba hutokea upande wa ndani, pale kichwa cha spoku kinapoila tyubu polepole. Kuitambua ni rahisi: tundu likielekea rimu, kosa si la barabara. Mafundi wengi huweka pia kipande cha tairi kuukuu ndani ya tairi lililochanika. Ni msaada mzuri, mradi kingo za kipande hicho zimechongwa zikawa nyembamba na laini, la sivyo zitaisugua tyubu mpaka itoboke.

Wabeba mawese wa Rumonge wana jambo lao la pekee. Mafuta hulegeza na kuvimbisha mpira wa asili, huizuia solusheni kushika kiraka, na yakigusa rimu huua breki. Dumu likivuja, tairi na rimu zioshwe kwa sabuni na maji siku hiyo hiyo. Tyubu inayozibwa nayo isafishwe mpaka iwe kavu, isuguliwe kwa msasa, ipakwe solusheni, kisha iachwe dakika chache ikauke kabla ya kubandika. Kiraka kilichobandikwa juu ya solusheni mbichi hakimalizi mteremko.

Mwendeshaji wa mazoezi anayebaki kwenye lami ya barabara namba 3 naye anaweza kubaki na tyubu bila kujuta. Tairi la upana wa milimita 28 hadi 32 lenye ukanda wa kinga ndani, likikaguliwa upepo kila anapotoka, litampeleka mbali kwa gharama ndogo. Mwenye kupata faida kubwa ya tyubulesi ni yule anayepanda njia za changarawe za Bugarama mara kwa mara, mwenye rimu iliyoandikwa kwamba inafaa, na mwenye mtu wa kumletea dawa. Kukosa moja kati ya hayo matatu kunatosha kuahirisha.

Kuhusu kuletewa dawa, anayesafiri kutoka Nairobi au Dubai aiweke chupa kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwa kuwa kimiminika kinachozidi mililita 100 hakiruhusiwi kwenye begi la mkononi. Mitungi midogo ya gesi ya kujazia upepo ina masharti makali zaidi kwenye ndege, na gesi yake inaweza kuigandisha baadhi ya dawa kabla ya wakati. Kompresa ya fundi wa Rumonge inafanya kazi hiyo bila hatari hizo.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi

Hasara nyingi hutokea sokoni, kwa namba inayosomwa nusu. Tairi la baiskeli ya mizigo lililoandikwa 28 x 1½ linakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyepesi ya barabarani inayoitwa 700C ina rimu ya milimita 622, na wengine huiita inchi 28 vile vile. Baiskeli ya milimani ya inchi 29 nayo ni 622. Inchi 27.5 ni 584. Inchi 26 ya milimani ni 559, lakini 26 x 1⅜ ni 590. Majina yanafanana, rimu hazifanani.

Namba ya kuamini ni ile yenye kistari, kama 40-622 au 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa, na ya pili lazima ilingane na ya rimu bila kupungua wala kuzidi. Mnunuzi aiandike kwenye karatasi au aipige picha kwa simu kabla ya kwenda sokoni. Tairi la 635 linalokaa kwa kulegea juu ya rimu ya 622 litaruka likijazwa upepo.

Tundu la valvu nalo lina hesabu yake. Tyubu za baiskeli za mizigo huwa na valvu nene inayohitaji tundu la milimita 8 hivi, ilhali rimu nyingi za baiskeli nyepesi zina tundu la milimita 6 na ushei. Tyubu ya sokoni haitapita. Kulipanua kwa drili tundu la rimu nyembamba ni kuidhoofisha mahali inapobeba nguvu. Ni afadhali kuagiza tyubu mbili au tatu za valvu nyembamba na kuzitunza nyumbani, zimefungwa mbali na jua na mafuta.

Gurudumu la akiba

Gurudumu zima la akiba lina mvuto wake: pancha ikitokea asubuhi ya safari, mtu anabadilisha na kuondoka. Ila gurudumu lisilolingana na baiskeli halisaidii kitu, kama vile baiskeli isiyolingana na mwendeshaji wake. Tarehe 14 Julai 2016, kwenye mlima Ventoux, mwendesha baiskeli Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alianguka katika ajali iliyohusisha pikipiki ya mashindano, baiskeli yake ikavunjika, akaanza kupanda mlima kwa miguu. Alipopewa baiskeli ya msaada, pedali zake hazikufaa viatu vyake, na hakwenda sawasawa mpaka gari la timu yake lilipomletea nyingine. Karibu zaidi na Burundi, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali kuanzia 21 hadi 28 Septemba 2025, mwendeshaji Remco Evenepoel aligonga shimo kwenye mbio za mwisho, akabadilisha baiskeli, akalazimika kubadilisha tena, na muda aliopoteza haukurudi. Hao wana magari nyuma yao. Mwendeshaji wa Bugarama hana.

Kwa hiyo kabla ya kulipa gurudumu la akiba, mnunuzi alinganishe ekseli: ipo ya kufunga kwa wenzo, ya nati, na nene inayopita katikati ya habu. Alinganishe idadi ya meno na ya gia za nyuma, kipenyo cha diski ya breki, na upana wa rimu. Kwa gurudumu la baiskeli ya mizigo ahesabu matundu ya spoku, kwa kuwa kwa desturi rimu ya mbele huwa na 32 na ya nyuma 40. Likilingana kwa yote, bado kuna jambo moja: gia mpya kwenye gurudumu la akiba hazipatani na mnyororo uliochakaa. Mnyororo utaruka kila anapokanyaga kwa nguvu mlimani.

Kwa watu wengi, akiba yenye maana zaidi ni ndogo kuliko gurudumu zima: tairi moja la kukunjwa, tyubu mbili, spoku nne za urefu sahihi zilizofungwa kwa utepe kwenye fremu, na kiungo kimoja cha mnyororo. Fedha inayobaki iende kwenye mnyororo na breki.

Zinakoishia fedha

Mnyororo haukatiki ghafla. Hurefuka kidogo kidogo na kula meno ya gia. Kipimo chake hakihitaji kifaa ghali. Viungo 12 kamili vya mnyororo mpya vina urefu wa milimita 304.8, kuanzia katikati ya pini moja hadi katikati ya nyingine. Ukivuka hapo kwa milimita 1.5, wakati wa kuubadilisha umefika. Ukiachwa mpaka uvuke milimita 3, gia nazo zitakuwa zimeharibika, na bidhaa moja itageuka kuwa mbili. Maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari inayokula baiskeli za Mombasa na Unguja, lakini mchanga wake ukichanganyika na grisi huchakaza chuma bila huruma. Mnyororo upanguswe kwa kitambaa kikavu kila baada ya safari, upakwe mafuta mepesi, kisha upanguswe tena ili mafuta yabaki ndani ya viungo tu.

Kwenye mteremko wa kutoka Bugarama, breki za rimu zikishikwa mfululizo huipasha rimu moto, na joto hilo huongeza upepo ndani ya tyubu na kulegeza viraka. Namna salama ni kushika kwa nguvu, kuachia, kushika tena, na kusimama mahali pa tambarare rimu ipoe. Mwenye mzigo ateremke taratibu zaidi, na mkono wake usishike lori wakati wa kupanda. Kushika lori kumeua vijana wengi kwenye milima ya Burundi. Padi za diski zibadilishwe kabla chuma hakijagusa diski, na helmeti ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya baiskeli tangu siku ya kwanza.

Mwenye bajeti ndogo anaweza kupanga ununuzi hivi. Mwezi wa kwanza: kipimo cha upepo, vyuma vya kutolea tairi, viraka, solusheni na pampu. Wa pili: matairi yenye kinga na namba iliyothibitishwa. Wa tatu: mnyororo, na padi za breki kama zimekwisha. Tyubulesi ije baada ya hapo, ikiwa rimu inaruhusu na njia inaidai.

Wanaoendesha pamoja wana nafuu zaidi. Wanne wanaweza kuchangia lita moja ya dawa, kiunganishi cha kompresa na pampu kubwa ya sakafuni, vyote vikakaa kwa mmoja wao au kwa fundi wanayemwamini Rumonge. Chupa iandikwe tarehe ya kufunguliwa na itikiswe vizuri kabla ya kumimina. Kila tairi liandikiwe kwa kalamu, karibu na valvu, mwezi lilipotiwa dawa, ili miezi mitatu ikipita mwenye baiskeli afungue, atoe utando mkavu, na kutia nyingine.